Tupeane uzoefu: Umewahi kuwa mwenyeji wa Krismasi ya ukoo hapa Dar?

Mama Tabata
Salaam kwenu nyote. Wifi yangu amenipigia simu kunitaarifu kwamba safari hii ukoo mzima utakula Krismasi kwangu. Wenzetu wanaofunga nyumba na kwenda Mbezi Luis kupanda basi la Moshi hawaijui shida hii, lakini sisi tunaofuatwa mjini tunaijua. Naomba mnieleze mlivyonunua, mlivyopika na mlivyowalaza wageni.

Baba Kimara
Dada, umenikumbusha Kariakoo ya tarehe 24 Desemba. Niliteremka kwenye mwendokasi pale Msimbazi nikiwa na orodha ya mke wangu mkononi: mchele wa Kyela, iliki, mdalasini, bizari nzima, viatu vya watoto na sufuria kubwa ya pilau. Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika kiasi kwamba mtu hatembei, anasukumwa tu, na kila nilipoinama kuangalia viatu, msukuma mkokoteni alinifokea nimpishe. Nililazimika kuivaa ile sufuria kichwani ili mikono ipate nafasi ya kuushika mfuko wa mchele. Nilipofika nyumbani usiku, nilimkuta mama mkubwa wa Morogoro ameketi sebuleni na wajukuu zake wote, kwa sababu tangu treni ya umeme ilipoanza safari za huko mwaka 2024, ndugu hawasubiri tena kualikwa. Magodoro yalikwisha, tukatandika mikeka hadi jikoni.

Bibi Magomeni
Hapo kwenye mikeka umesema kweli tupu.

Mjomba Mbagala
Ushauri wangu ni kununua kuku wa kisasa, kwa kuwa wanaiva haraka na gesi haiishi katikati ya mapishi.

Shangazi Ubungo
Mjomba, kwa heshima zote, huwezi kumwekea mzee aliyesafiri kutoka Singida kuku anayesambaratika kwenye mchuzi. Kuku wa kienyeji ndiye kuku wa sikukuu.

Mjomba Mbagala
Mzee huyohuyo hana meno, shangazi. Atamtafuna nani huyo kuku wako?

Dada Temeke
Naomba kuwaingilia. Mwaka jana tulikubaliana familia nzima tuvae kitenge kimoja kanisani, tukampelekea kitambaa fundi wa Tandika tangu Novemba, na fedha yake tukamlipa yote. Mkesha wa Krismasi tulikuta kibanda kimefungwa kwa kufuli, na simu yake ilipopatikana akatuambia yuko ndani ya basi, anakaribia Lushoto. Baba mkwe alitaka kuvunja mlango. Mama mkwe aliketi chini akasema haendi kanisani akiwa na gauni la mwaka juzi. Hatimaye mama lishe wa jirani akajitokeza na ufunguo aliokuwa ameachiwa, tukafungua, tukayakuta magauni yamekatwa na kushonwa upande mmoja tu, mikono yote ikiwa imefungwa pamoja kwenye mfuko wa nailoni.

Bibi Magomeni
Je, mlivaa nini?

Baba Kimara
Na fedha je, alirudisha?

Dada Temeke
Jirani yetu ana cherehani ya miguu. Alishona usiku kucha huku sisi tukimchemshia chai, na asubuhi kila mmoja alivaa, ingawa mikono ya shemeji ilibadilishana na ya mwanawe. Fundi alirudi Januari, akarudisha nusu.

Shangazi Ubungo
Nusu! Fundi wa namna hiyo hapewi kitambaa baada ya Oktoba.

Mjomba Mbagala
Mimi ningempelekea cha Pasaka mapema.

Mama Tabata
Nashukuru. Viungo na mchele nitanunua wiki ya kwanza ya Desemba, na wifi nimemwandikia kwamba soda na kreti zake ni juu yake. Kuhusu kuku, nitachanganya: wa kienyeji kwa wazee, wa kisasa kwa watoto.

Shangazi Ubungo
Wazee wenye meno, andika hivyo, mjomba asije akapata neno.