Benedito Lacerda alimdhulumu Pixinguinha, au alimwokoa?

Jongoo Mti: Wadau, "1 x 0" ni wimbo wa choro, muziki wa ala wa Brazil. Mwanamuziki Pixinguinha aliutunga Brazil ilipoifunga Uruguay moja bila kwenye mpira mwaka 1919. Ukaja kurekodiwa 1946, na kwenye santuri watunzi ni wawili, yeye na mpiga filimbi Benedito Lacerda. Huyo Benedito mwaka 1919 alikuwa na miaka 16. Kama si wizi ni nini?

Mama Nuru: Wizi gani? Pixinguinha, mzee wa watu, nyumba yake ilikuwa inakwenda kwa madeni. Benedito ndiye aliyemtafutia mkataba na pesa ya kutanguliza. Halafu msikilize humo: Benedito kashika filimbi, Pixinguinha yuko chini na saksofoni anamjibu kila sentensi.

Kodi Kila Mwezi: Kwa hiyo dada, nikikulipia pango, mwanao aitwe jina langu?

Mama Nuru: Wanangu waache. Jibu hoja.

Chogo: Goli lenyewe si la Pelé?

Jongoo Mti: Pelé kazaliwa 1940, mkuu! Friedenreich yule, mshambuliaji wa Brazil, dakika za nyongeza.

Chogo: Sawa profesa. Mnatoana roho kwa ajili ya filimbi, kitu cha refa.

Pumzi Moja: Refa?? Mimi napiga filimbi kanisani mwaka wa tisa. Shika wimbo huo kwa kasi yake uone kama utapata pa kuvuta pumzi. Nusu ukurasa tu midomo inakufa ganzi. Usiropoke.

Chogo: Kumbe refa wa kanisani.

Bi Kizee: Chogo mwanangu, adabu. Ila na wewe Pumzi, hiyo ya chuma ya kupiga kwa ubavu ni fluti. Filimbi ni ya mwanzi.

Pumzi Moja: Shikamoo bibi. Mwalimu wangu alisema filimbi, na mimi nasema filimbi.

Kodi Kila Mwezi: Ya Callado, baba wa choro, ilikuwa ya mti. Tuiiteje hiyo?

Bi Kizee: Marahaba. Ya mti ni filimbi.

Chogo: Na ya plastiki?

Jongoo Mti: Jamani, niliuliza habari ya jina kwenye santuri.

Mama Nuru: Na mimi nilikujibu. Nyumba ilibaki.

Kodi Kila Mwezi: Na mirabaha ikagawanywa.

Pumzi Moja: Chogo, Jumapili njoo na hiyo yako ya plastiki.