MTHAMINI KAGONGA UKUTA WANGU, AKACHEKA!!!

Wakuu, salamu baadaye. Mthamini, yule wa kukadiria bei ya nyumba, katoka hapa sasa hivi, vumbi la gari lake halijatua. Simtaji, mnamjua. Yule yule wa miwani ya jua hadi chumbani, futikamba kiunoni kama upanga.

Talaka imeshatoka, kimebaki kugawana nyumba. Mtalaka wangu anabaki nayo, mimi nilipwe nusu yangu. Mthamini kamleta yeye, kamlipa yeye. Nyie mlitegemea bei iende wapi?

Vyumba vyote kavimaliza kabla sijarudishia mlango niliomfungulia. Darini hakuchungulia. Kisha akasimama sebuleni, akagonga ukuta kwa kidole, ko ko ko, akatega sikio, AKACHEKA. Ukuta niliokopa hadi kwa mama mkwe kuujenga! (Ndiyo, anadai mpaka leo.) Angekohoa ningeelewa. Kucheka? Na mtalaka wangu pembeni anatabasamu, tabasamu lile lile lililonipumbaza nikaolewa.

Nikamuuliza, unaandika thamani ya soko au ya kuuza kwa haraka? Maana bei ya mnada si bei ya soko. Ananijibu, "Mama, ukuta wenyewe unaongea." Miaka yote nimeishi nao haujawahi kunisemesha, leo umemwona yeye ndio umepata mdomo? Halafu akacheka TENA.

Debe_Tupu: Picha ya ukuta kwanza. Bila picha hatujui wa kulaumiwa ni mthamini au fundi.

Pilipili_Usiyoila: Pole dada. Wakili wako aombe mthamini mmoja wa pamoja, maelekezo yatoke pande zote mbili. Ikishindikana lete wa kwako, ripoti mbili ziende kwa hakimu, kila mmoja aulizwe kalinganisha na nyumba zipi zilizouzwa karibuni. Hapo ndipo wanapotokwa jasho.

Mleta uzi: Asante, lakini umesoma kwamba ALICHEKA?

MzeeWaKesi: Bora wako kacheka. Mimi ndiye niliyebaki na nyumba, basi mthamini wa upande wa pili akaisifia mpaka nikataka kumuuzia yeye. Paa linavuja, kaandika "nyumba inapitisha hewa vizuri".

Kimbelembele: Deni la benki mmeshalitoa kwenye hiyo bei? Isije ikawa mnagombea nusu ya nyumba ya benki.

Debe_Tupu: Hahaha, na mama mkwe apewe chumba chake.

Kisirani: Bei ya tarehe ipi imetumika, ya kutengana au ya leo? Sisi tulibishania tarehe hadi ripoti ikachakaa, tukathaminisha upya. Wakili analipwa tu.

MzeeWaKesi: Usinikumbushe mawakili. Wangu nikimpigia kumsalimia, saa inahesabu.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye ukuta.

Kimbelembele: Wakili wangu kaniandikia barua kunijulisha kwamba ataniandikia barua. Zote mbili nimetozwa.

Pilipili_Usiyoila: Wangu kanitoza kwa kusoma malalamiko yangu kuhusu anavyonitoza 😂

Mleta uzi: Kwa hiyo hakuna aliyeumia kwamba alicheka mara mbili?

Debe_Tupu: Mzee fungua uzi wa mawakili, huu wa ukuta hautoshi.

MzeeWaKesi: Nimeshafungua. Njooni na ankara zenu.