Wauzaji wa transmita Nairobi, acheni kutumia trimu kuficha ndege iliyofungwa vibaya

Wadau wa ndege za modeli, nimenyamaza na jambo hili wiki mbili. Leo naliandika.

Nilinunua transmita, yaani rimoti ya kuongozea, na ndege ya povu ya kujifunzia, yenye bawa la juu, katika duka moja katikati ya jiji. Jumla Sh18,500, pesa nilizoweka kidogo kidogo tangu Januari. Nilimuuliza muuzaji swali moja tu: imeshasetiwa? Akawasha, akacheza na kijiti, elevata, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, ikapanda ikashuka, akakiachia, ikarudi ikalala sawasawa na mkia. "Hii ni kwenda kurusha tu, boss." Nikalipa.

Jumamosi tukaenda shamba la mjomba wangu kule Kamulu, mimi na kijana wangu wa miaka 11. Ndege ikatoka mkononi vizuri, halafu pua ikaanza kuinuka. Nikabonyeza trimu ya elevata, kitufe cha kusogeza kidogo pale elevata inapotulia, ili pua ishuke. Transmita hii hutoa mlio kila unapobonyeza trimu. Mara hii kimya. Nikabonyeza tena na tena, kimya. Trimu ilikuwa imefika mwisho kabla hata sijaigusa! Nikasukuma kijiti, pua ikazama, nikaingiwa na hofu nikavuta, ndege ikapanda wima ikaishiwa na mwendo. Bawa la kushoto ndilo lililoanguka kwanza, na lilipogonga udongo likakatika kwenye mzizi. Kijana hakusema neno. Aliokota vipande kimoja kimoja akavitia kwenye begi lake la shule.

Usiku huo nikatazama skrini. Alama ya trimu ya elevata imekaa chini kabisa. Nikairudisha katikati, na elevata ikainuka karibu upana wa kidole. Ndiyo kusema mkono wa sevo, kile kimota kinachosogeza elevata, ulifungwa nje ya nafasi yake, na badala ya kufungua skrubu moja, mtu alibonyeza trimu hadi ikagota ili elevata ionekane imelala, kisha akaniuzia. Kazi ya kuifunga upya ilinichukua dakika kumi. Nilichomoa propela kwanza, nikaweka trimu zote katikati, nikawasha transmita kisha ndege, sevo ikajipanga yenyewe katikati, pale ambapo mapigo ya umeme yanayoiongoza ni ya maikrosekunde 1,500. Nikatoa mkono wa sevo nikaurudisha ukasimama wima, halafu nikazungusha kishikizo cha mwisho wa waya unaotoka sevo kwenda elevata mpaka elevata ikalala. Dakika kumi! Duka zima lilikosa dakika kumi?

Nilipopiga simu nikajibiwa, "Hiyo unatrimu tu." Hapana. Trimu ni ya kuondoa kosa dogo ndege ikiwa hewani. Ukishatua, unapima elevata imesogea kiasi gani, unasogeza kishikizo kiasi hicho hicho, unarudisha trimu katikati. Na kama ndege ina uzito mwingi nyuma, hakuna trimu itakayoiponya. Unasogeza betri mbele. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndege inahitaji mwendo zaidi kuliko Mombasa ili ibaki juu. Pua ikishainuka huku kwetu, muda wa kuiokoa ni mfupi mno. Anayeuza ndege Nairobi anapaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Na kuuza kwenyewe wanauza vipi? Hawaulizi kitu. Rafiki yangu wa Umoja alifundishwa Modi 2, gesi (nguvu ya mota) kijiti cha kushoto na elevata cha kulia. Akapewa Modi 1, gesi kulia, bila kuambiwa. Mikono iliyozoea upande mmoja haibadiliki ndege ikiwa hewani. Mwingine akauziwa risiva, kile kipokezi cha ndani ya ndege, ya Futaba ya kutumia na transmita ya Spektrum, eti "zote ni 2.4". Zote ni gigahezi 2.4, ndiyo, lakini kila kampuni ina lugha yake: DSMX ya Spektrum si FASST ya Futaba, na FASST si AFHDS 2A ya FlySky. Hazikubali kuunganishwa hata ukeshe. Swali la kwanza kwa mnunuzi lilipaswa kuwa: unarusha modi gani, na risiva uliyonayo ni ipi? Bei ije baadaye.

Hizi si pesa za kuchezea. Ni mtu amejinyima. Ni mtoto aliyehesabu siku.

Jumatatu narudi pale dukani na transmita mkononi. Nitawaonyesha picha ya skrini niliyopiga usiku ule kabla sijagusa chochote, nao watanirudishia pesa za bawa na sevo. Wewe unayenunua wiki hii, usitoke dukani kabla hujatazama skrini: trimu zote nne ziwe katikati, na elevata, ruda ya mkia wima na eleroni za bawa ziwe zimelala hapo hapo mbele yako. Wakikataa kukuwashia, ondoka.

Mwenye bawa la akiba la ndege ya povu, upana wa sentimita 120, aniandikie hapa chini. Kijana ananiuliza kila jioni.