Hilux 2Y inatoa moshi mweusi na kubugia petroli, nianzie wapi wakuu?

mkulima_wa_viazi
Habari za jioni wakuu. Nina Hilux pikapu ya zamani, injini 2Y ya kabureta, nabebea viazi kutoka shamba kwenda Makambako. Nimekaa nayo Dar miaka minne haijawahi kunisumbua, nimepanda nayo huku Njombe mwezi wa tatu sasa ndo vituko vimeanza. Asubuhi inawaka freshi ila ikishachemka inatetemeka ikiwa imesimama, moshi mweusi nyuma na harufu ya petroli, ukiizima kuwasha tena mpaka ukanyage mafuta hadi chini. Zamani lita moja naenda kilomita 9, sasa hata 6 sifiki. Plagi nyeusi tii, masizi makavu yanabaki kwenye vidole. Fundi kaosha kabureta mara mbili, kakaza ile skrubu ndogo, wapi. Sasa anasema ninunue kabureta nyingine na hela hiyo sina kabla ya mavuno.

dereva_wa_vumbi
Eya klina umeicheki mkuu? Njia za mashamba zinaziba hiyo kitu ndani ya wiki.

mkulima_wa_viazi
Nimeweka mpya juzi tu, moshi uko pale pale.

gereji_ya_uani
Usinunue kabureta kwanza ndugu yangu. Skrubu anayoizungusha fundi inahusika na mafuta ya injini ikiwa imetulia, ukishakanyaga yanapita kwenye jeti kubwa, yaani kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, kwa hiyo hata aikaze mpaka basi moshi wa mlimani hautoki.

Injini ikiwa ya moto toa mfuniko wa eya klina uchungulie mdomoni mwa kabureta. Kibati cha choki, kile kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi, kinatakiwa kisimame wima kabisa, waya ukishika kutu kinabaki nusu na wewe ndani umesharudisha kitufe unajua umemaliza. Choki ikiwa sawa angalia ubavuni mwa bakuli la kabureta linalokaa petroli, kabureta nyingi za Toyota zina kioo kidogo cha duara chenye alama, mafuta yanatakiwa yaishie usawa wa hiyo alama. Kioo kikiwa kimejaa mpaka juu, na ukichungulia unaona petroli inadondoka tone tone kwenye koo wakati injini imetulia, ugonjwa ni nido (sindano inayofunga petroli bakuli likijaa) au boya (linaloelea na kuisukuma hiyo nido). Nido itoe uipitishe ukucha kwenye ncha, ikiwa na mfereji haizibi tena hata uoshe mara kumi. Boya litikise sikioni, ukisikia kitu kinacheza ndani limetoboka linazama. Sigara weka mbali kabisa, nimeona mtu akiungua mikono kwa kazi hii hii.

Kupanda Njombe nako kumechangia. Dar ni usawa wa bahari, huko uko karibu mita 2,000, hewa imepungua kama moja ya tano na jeti ni zile zile, kwa hiyo petroli inazidi hewa. Ila mwinuko peke yake haukutoi 9 hadi 6, ugonjwa ulikuwepo umeongezewa tu.

Na tafadhali vuta dipstiki leo leo uinuse. Oili ikinuka petroli au imepanda usiibebeshe mzigo, beringi zinaisha hivi hivi.

mkulima_wa_viazi
Asante sana mkuu, nimeshinda nayo tangu asubuhi. Choki iko wima. Kioo kimejaa chote, alama yenyewe siioni, na kweli nimeona tone linadondoka, kama kila sekunde mbili hivi. Boya zima. Nido ina duara limechimbika kwenye ncha, unalisikia kabisa kwa ukucha. Nimepata nido na kiti chake dukani, nimefunga, sasa mafuta yako kwenye alama na injini imetulia haitikisiki. Moshi umebaki kidogo tu nikipanda mlima na mzigo. Oili inanuka.

gereji_ya_uani
Safi sana. Oili mwaga yote na filta yake, usiionee huruma. Plagi zisugue urudishe, nenda siku mbili kisha uzifungue, zikiwa na rangi ya udongo wa kahawia umepona. Zikibaki nyeusi tafuta jeti kubwa ya namba ndogo kidogo, yaani yenye tundu jembamba zaidi, ila hiyo ya zamani itunze, ukishuka nayo Dar utaihitaji, jeti ndogo pwani itakuchemshia injini.

mkulima_wa_viazi
Oili naimwaga kesho asubuhi kabla ya kupakia. Plagi nitazipiga picha Jumamosi niweke hapa.