Msaada wadau: mapambo ya kumfuata Marchesa Casati, nisiishie kwenye nyoka na madoa ya chui

BintiKariakoo
Habari zenu wadau. Nasoma ubunifu wa mitindo hapa Dar na semista hii kila mtu kaambiwa achague mtu wa zamani aliyekuwa na vituko vyake afu amtengenezee mapambo, nguo hapana, mapambo tu, hereni, kidani, bangili, mkoba, mkanda, na vyote vionekane ni vya mtu mmoja. Mi nimemchagua Marchesa Luisa Casati, yule tajiri wa Italia aliyezaliwa Milano 1881, baba yake alikuwa na viwanda vya pamba, wazazi wakafa bado binti mdogo, yeye na dada yake wakarithi mali yote. Ndo yule aliyekuwa anatembea Venice usiku na duma wake kwenye minyororo ya vito na kuna sherehe alienda na nyoka hai kama kidani. Nampenda huyu mama kwa kweli, alitaka yeye mwenyewe ndo awe kazi ya sanaa.

Sasa shida, kila nikichora nafika palepale, nyoka wa shaba, mkoba wa madoadoa, mwalimu kaangalia kasema hivi viko madukani tayari. Na hajakosea, mbunifu John Galliano alishamfanyia koleksheni ya Dior 1998 pale Opera ya Paris, na kuna brandi kabisa inaitwa Marchesa kwa ajili yake. Mi niingilie wapi?

ShangaZaPwani
Mdogo wangu waache wanyama, nenda kwenye macho. Huyu mama alikuwa anajipaka wanja mzito mpaka macho yanakuwa kama mashimo, na alikuwa anatia matone ya belladona, ule mmea wa sumu, ili mboni zitanuke. Halafu itafute ile picha aliyompiga Man Ray, mpiga picha maarufu wa Paris, 1922, mwanga ulikuwa hafifu na mama hakutulia, macho yakatokea mara mbili tatu kwenye uso mmoja. Man Ray akaona picha imeharibika, Casati mwenyewe akaipenda akasema hapo umeipiga picha roho yangu. Hapo ndo pa kuingilia! Fikiria hereni ya visahani vitatu vya kioo cheusi vimepishana kidogo tu, kila akigeuza shingo vinacheza na mtu anayemwangalia hajui atazame wapi. Hujachora jicho hata moja lakini Casati yupo.

ChumaNaMfupa_Nrb
Niaje. Nakubaliana na hapo juu, ila kwa bangili mimi ningemtazama mwingine wa enzi hizo hizo, Nancy Cunard, wa ile familia ya meli za Uingereza. Alikuwa anavaa bangili za Afrika kutoka kwa kiwiko mpaka kiganja, mikono yote miwili, Man Ray alimpiga picha nazo 1926. Nyingi zilikuwa za pembe za ndovu na hapo usiguse kabisa, biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku na Kenya tulichoma tani 105 hapa Nairobi mwaka 2016. Lakini kitu cha kuchukua kwake ni ule wingi na ile sauti, akisonga mkono unamsikia kabla hujamwona. Kibera kuna mafundi wanachonga mifupa na pembe za ng'ombe na kuyeyusha shaba ya makufuli na mabomba ya zamani, kazi safi sana. Ukichanganya mfupa na shaba kwa mkono mmoja utapata milio miwili tofauti.

Mjukuu_wa_Unguja
Naongeza moja ambalo watu wanalipita. Kwenye sherehe za Casati inasimuliwa kulikuwa na watumishi weusi waliopakwa dhahabu mwili mzima wasimame kama taa. Sisi tunaosoma haya huku kwetu hatuwezi kuliruka, na hizo pembe za Cunard nazo, pembe ngapi zimepita hapa Unguja zimebebwa kwa mabega ya watu kutoka bara. Tofauti ni kwamba Nancy alisimama na watu weusi waziwazi, 1934 akatoa kitabu cha kurasa zaidi ya 800 chenye maandishi yao, na mama yake mzazi waligombana kwa ajili ya hilo. Kwa hiyo dhahabu ya mwilini iache, wala usiiweke hata kwenye mudi bodi, ule ubao wa picha za mawazo yako.

Halafu mbona kila mbunifu anamchukua Casati akiwa tajiri tu? Kufika 1930 alikuwa na deni la dola milioni 25, vitu vyake vikapigwa mnada, akahamia London na akafa huko 1957 maskini kabisa. Inasimuliwa alikuwa anaokota manyoya na vipande vya vitambaa kwenye mapipa ajipambe navyo, na wanja ukiisha anatumia kiwi ya viatu. Hakuacha hata siku moja! Huyo wa mwishoni ndiye ningemfanyia kazi mimi. Wewe uko Kariakoo, mafundi cherehani wanamwaga mabaki ya vitambaa kila jioni.

BintiKariakoo
Jamani asanteni, nimesisimka. Basi mkoba utakuwa wa mabaki yameshonwa juu kwa juu, meusi matupu, hereni za visahani vitatu, na bangili za pembe ya ng'ombe na shaba mkono mmoja tu. @ChumaNaMfupa_Nrb hiyo pembe naikunjaje isipasuke?

ChumaNaMfupa_Nrb
Pembe inalainika ukiichemsha au ukiipasha moto taratibu, ibane kwa kalibu ikiwa bado moto na usiiachilie mpaka ipoe kabisa. Mfupa haukunjiki, huo unakatwa na kuchongwa tu, na uuchemshe kwanza mafuta yatoke, la sivyo utanuka na kugeuka manjano. Ukikata vaa maski, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Na pima uzito mapema, bangili zikiwa nzito modo atashusha mkono kabla hajafika mwisho wa jukwaa.