Baba yuko katikati ya bahari, shamba linagawanywa: nimwambie?
Wadau, naomba ushauri. Baba ni baharia kwenye mashua ya matanga. Wameng'oa nanga Las Palmas, bandari ya visiwa vya Kanari, kuelekea Karibi, wiki tatu hivi kutegemea upepo, na ujumbe hupita kwa simu ya setilaiti ya nahodha tu. Huku Ahero, baba mdogo ameleta saveya. Vigingi vimepigwa hadi mlangoni pa jiko la mama. Hati ingali kwa jina la marehemu babu, mirathi haijafunguliwa mahakamani. Mama hata kula hali, presha imepanda, lakini anakataza baba asiambiwe: ana zamu za usiku, na mawazo baharini ni hatari. Mimi naona ana haki ya kujua. Nimtumie ujumbe, au kwanza nikimbilie kwa chifu na ofisi ya ardhi Kisumu niombe zuio?