Hela ya gesi ikija, iwekwe akiba au tumalizie zahanati kwanza?

Mwana wa Nachingwea:
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja anasema huu mradi wa gesi wa Lindi ukianza kweli, serikali iige Norway, hela yote itiwe kwenye mfuko wa akiba wajukuu waje waikute. Nikamuuliza hao wajukuu watazaliwa wapi? Mwaka juzi waifu kajifungua zahanati, usiku, nesi mmoja tu, umeme umekatika, nikaitwa ndani nimulike na tochi ya simu huku mama mkwe anakimbia duka la dawa kutafuta glavu. Sasa nchi iweke dola benki za nje huku mi namulika? Najua akiba haiozi, na sheria ya mapato ya mafuta na gesi ya 2015 tayari imeuweka huo mfuko, ila naomba wenye uelewa mnifafanulie.

Babu Kipanga:
Mkuu, jamaa yako Norway kaisikia nusu. Wale mafuta waliyapata 1969, sheria ya mfuko wakatunga 1990, na hela ya kwanza imeingia mfukoni 1996. Piga hesabu mwenyewe. Miaka 27 hela ilikuwa inakwenda wapi kama sio kujenga kampuni yao ya mafuta, kulipa madeni na kuendesha nchi, kilichobaki ndo kikaanza kuwekwa. Na hata sasa hawajakifungia kibubu, kila mwaka wanachota kidogo kwenda kwenye bajeti, mwongozo ulikuwa asilimia 4 ya mfuko tangu 2001 wakaushusha hadi 3 mwaka 2017. Sisi tunataka kuanzia pale wenzetu walipofikia.

Mama Tunu:
Babu mbona unaongea kama vile bei ya gesi ni mshahara, inaingia kila tarehe 25. Mi nimekulia kwenye korosho, Newala. Oktoba mpaka Desemba baba ananunua bati, pikipiki, redio kubwa inayosikika mpaka kijiji cha pili, ikifika Februari tunakopa unga kwa jirani yule yule tuliyempigia kelele. Nchi isiyo na akiba ndo iko hivyo hivyo. Mwaka 2008 pipa la mafuta lilipita dola 140 mwezi wa saba, Desemba likawa chini ya 40. Ukishaajiri kwa bei ya 140, kwa 40 utalipa na nini? Chile walikuwa wameweka hela ya shaba, mtikisiko ulipokuja wakaitoa 2009 wakaendelea na maisha, na kabla ya hapo walikuwa wanatukanwa barabarani kwamba ni wachoyo.

Msemakweli77:
Jamani msichanganye madesa. Akiba ya fedha za kigeni ya BoT, yaani Benki Kuu, ni ya kuagizia mafuta, dawa na kulipa madeni ya nje, mnakumbuka 2023 dola zilivyoadimika. Ile huwezi kuivunja ukajengea wodi. Mfuko wa gesi ni kitu kingine kabisa. Endeleeni.

Bibo la Mabanda:
Mama Tunu umegusa korosho ukakiacha kidonda. Ule ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao kisheria, salfa, miche na kadhalika. 2018 sheria ikarekebishwa, yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina, wabunge wa kusini walipiga kelele weee na wakati ule hakuna kilichobadilika. Nigeria nao walikuwa na akaunti ya ziada ya mafuta, mwisho wa 2008 ina kama dola bilioni 20, wakaanza kugawana na magavana wa majimbo na bei zilipopanda tena haikujaa. Kwa hiyo mi nauliza ufunguo wa kibubu anao nani, kabla ya hapo sichangii hata senti.

Tabibu wa Pembezoni:
Naongea kama mtu wa ndani. Nilipo sasa tuna wodi mpya ya wazazi, vigae vinang'aa, vitanda bado viko kwenye nailoni zake, mlango una kufuli. Hakuna wa zamu. Wananchi walijichanga wakasimamisha boma, serikali ikamalizia, watu tukaletewa wawili. Jengo unalipia mara moja, nesi unamlipa kila mwezi mpaka astaafu. Ndo maana hela ya kupanda na kushuka kama ya gesi mi naona ijenge, inunue vifaa na sola, na isomeshe hao manesi wenyewe, ila mshahara utoke kwenye kodi ya kila siku. Na akiba iwepo ya mwaka mmoja au miwili mibaya, sio ya wajukuu. Wajukuu wakikuta mama zao wazima inatosha.

Mwana wa Nachingwea:
Nimewasoma wote, leo kijiweni naenda na miaka 27 ya Babu Kipanga, yule jamaa atanikoma. Ila Tabibu swali moja. Sola hata sisi tunayo, ile siku namulika paneli ilikuwa juu ya paa, nzima kabisa, betri ndo ilikufa na mpaka leo haijanunuliwa. Betri iko upande gani, wa jengo au wa nesi?